Maganga Achagua Nanga

Mtu akikimbia nyuki kwa kawaida haendi kupanga chumba karibu na mzinga. Maganga hakuwa mtu wa kawaida. Maji ndiyo yaliyomfukuza Mwakitolyo, naye alipofungasha virago akaenda moja kwa moja Chato, akajenga mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni unaona ziwa mpaka macho yachoke.

Kule Mwakitolyo alikuwa mwenye duara. Duara ni shimo la dhahabu, na mwenye duara ni yule anayesimama mdomoni mwa shimo akiwafundisha walio ndani kazi ambayo yeye haifanyi. Lakini tumpe haki yake: alianzia chini kabisa. Alitoka kwenye ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, akaingia machimboni, akashuka na kupanda kwa kamba miaka mingi, mfuko wa mawe mgongoni na tochi kichwani. Siku moja kamba ikamkatikia. Alikuwa karibu kufika juu, ameshaanza kusikia redio ya muuza chai, mara akarudi alikotoka, tena upesi kuliko alivyopanda. Mguu ukavunjika. Akakaa mle gizani akisikiliza wenzake wakibishana huko juu ni nani aliyeinunua ile kamba, mpaka alipopatikana mtu mwenye akili akaenda kutafuta nyingine.

Mguu ulipona, ukapinda kidogo. Maganga mwenyewe akawa mtu wa kamba. Alipopata duara lake hakumruhusu mtu mwingine anunue kamba. Alizinusa, alizing'ata, alizikunja mbele ya jua akizitazama kama daktari anayetazama picha ya kifua. Na alikuwa na sheria moja aliyowahubiria vijana wake kila asubuhi kabla hawajashuka: kamba iwe imekaza muda wote. Ikilegea, mtu amekufa.

Duara lake likatema, yaani likatoa dhahabu. Halikutema sana, lakini lilitosha kumfanya agundue kwamba ana ndugu wengi. Wenzake waliopata kama yeye walitumia vizuri sana: mmoja aliosha miguu kwa bia mbele ya mashahidi, mwingine akanunua gari kabla ya kujifunza kuendesha na akajifunza siku hiyohiyo, kwenye ukuta wa jirani. Maganga alijenga nyumba Kambarage, mjini Shinyanga, akapangisha. Jambo hilo liliwasikitisha marafiki zake wote. Kisha maji yakaingia duarani. Akaleta pampu, pampu ikanywa dizeli kuliko ilivyonywa maji. Akaleta mganga, mganga naye akanywa. Mwisho matimba yaliyoshikilia kuta yakaanza kuoza, na Maganga akasema yametosha.

Mkewe Klara alikuwa amesema hivyo mwaka mzima kabla yake. Klara ni Mzinza wa Chato. Walikutana Mwakitolyo alikokuja kuuza dagaa na sangara waliobanikwa, akakaa kwa sababu ya Maganga, na tangu hapo hakuacha kumkumbusha. Alikuwa amechoka na vumbi. Mama yake, Bibi Sesilia, alikuwa amebaki peke yake. Klara akashauri waende Chato, wanunue mtumbwi, wawe wanapeleka vyakula kwenye kambi za wavuvi visiwani na kurudi na samaki. Maganga alilikataa wazo hilo kabisa. Baada ya wiki chache akaamka asubuhi na wazo lake mwenyewe, la kwenda Chato kununua mtumbwi. Klara akamsifu kwa kufikiri mbali.

Mtumbwi waliupata kwa mzee aliyekuwa anaacha uvuvi. Ulikuwa wa mbao, si mkubwa, umepakwa rangi ya kijani, na mashine yake ndogo ya nyuma ilikuwa haiwaki ila ukiisema vibaya. Maganga alipouliza nanga iko wapi, mzee akashangaa sana. Akasema alikuwa anauza mtumbwi, nanga ni habari nyingine, na kwa kweli ameshampa shemeji yake.

Basi ikabidi nanga itafutwe, na hapo ndipo Maganga alipogundua kwamba hapo mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, kila mtu ni bingwa wa nanga, hasa wasio na mitumbwi. Mmoja alimwambia achukue jiwe zuri, alifunge kamba, babu zake walifunga mawe wakazeeka. Mwingine akasema jiwe ni ushamba, ajaze mchanga kwenye kiroba. Wa tatu akasema mchanga unavuja, dawa ni nanga ya nondo yenye makucha manne, na fundi Edson aliye nyuma ya soko anazichomelea vizuri. Makucha yanajichimbia chini, alimweleza, yanashika kama paka anayeshushwa kutoka juu ya mti.

Maganga aliwasikiliza wote kwa adabu, mikono nyuma, akitikisa kichwa. Kisha akaamua kutomsikiliza hata mmoja. Mawe alikuwa ameshayabeba ya kutosha maishani. Mchanga ulimkumbusha kifusi. Na ile nanga ya Edson alipoiinua kwa mkono mmoja alicheka, maana kwake kitu unachoweza kukiinua kwa mkono mmoja hakiwezi kuzuia kitu. Maganga alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kutafuta dhahabu, na dhahabu ilikuwa imemfundisha jambo moja tu: kilicho kizito ndicho kinachobaki chini. Akampigia simu rafiki yake Marcel huko Mwakitolyo, akamwomba gurudumu la chuma la mashine ya kusagia mawe, lile lililochakaa lililokuwa limelala nyuma ya kibanda chao.

Marcel ni mtu mwema, hakuuliza maswali. Gurudumu likasafiri kwa basi, likabadilishiwa basi lingine Geita, na likafika Chato limekalia kiti cha nyuma peke yake, kwa sababu konda aliogopa kuliweka kwenye buti. Wanaume wanne wakalishusha. Lilikuwa la duara, laini, zito kama dhambi, halina kona hata moja. Maganga akalizunguka mara mbili, ameridhika.

"Hili likikaa, limekaa," alisema.

Klara akalitazama lile gurudumu, akamtazama mumewe, kisha akaenda kutazama maharage yake jikoni.

Ikabaki kamba, na kwenye kamba hakuna mtu wa kumfundisha Maganga. Alikwenda dukani kwa Masudi, mtu wa Kigoma mwenye duka la zana za uvuvi, mpole, aliyezoea wateja wa kila aina lakini alikuwa bado hajakutana na huyu. Maganga akaomba kuonyeshwa kamba zote. Akazinusa. Akazing'ata. Moja aliiponda kwa jiwe hapo mlangoni. Kisha akachagua ya plastiki, ya bluu, ngumu, inayong'aa, akaomba ruhusa ya kuijaribu, na kabla Masudi hajajibu akawa ameirusha juu ya boriti la paa, ameishika kwa mikono miwili na kuning'inia. Wateja wakatoka nje. Kamba ilikuwa imara kweli. Boriti ndilo lililotoa mlio.

Alipokuwa ameshuka, Masudi alimshauri kwa utaratibu. Alisema hiyo ya bluu ni nzuri kwa kufungia mizigo, ila kwa nanga haifai: inaelea, jua linaikausha, na haina kunyumbuka, kila wimbi likipiga inashtua mtumbwi. Achukue ya nailoni. Nailoni inazama, inavutika kidogo na kurudi. Na achukue ndefu. Kama maji yana kina cha mnazi mmoja, basi kamba iwe minazi mitano, hata saba, ili ilale.

Hapo Maganga akatabasamu. Alikuwa amekaa na wafanyabiashara wa dhahabu, watu wanaoweza kukuonyesha mizani na ukaona mwenyewe kwamba mkono wako ni mwepesi. Hakuwa mtu wa kudanganywa na muuza kamba. Muuza kamba akikushauri ununue kamba ndefu, tena iliyo ghali zaidi, hiyo inahitaji elimu gani kuitambua? Shimo likiwa na kina fulani, kamba inakuwa na urefu huohuo na ziada kidogo ya kushikia mkononi. Ziada nyingine ni ya nini? Ya kujinyongea?

Akakata ya bluu, ya kutosha kugusa chini pale wanapopita, na mikono kadhaa ya ziada kwa sababu hakutaka Masudi ajisikie vibaya. Masudi akaikunja vizuri, akamtakia heri, na alipoondoka akapanda kwenye kiti kulikagua boriti lake.

Safari chache za kwanza zilikwenda salama, kwa sababu nzuri kwamba nanga haikutumika. Visiwani walikokwenda kulikuwa na miti ya kufungia, na Maganga alilichukulia hilo kama ushahidi kwamba alikuwa amechagua vizuri. Gurudumu lilikaa mbele ya mtumbwi likiufanya uiname kama mtu anayetafuta sindano. Klara alipolalamika kwamba maji yanaingia kwa mbele, mumewe alimjibu kwamba maji yangeingia popote, ndiyo tabia yake.

Kisha ukafika ubatizo.

Kaka yake Klara alikuwa anaishi kijiji cha ng'ambo ya ghuba, na mtoto wake mchanga alikuwa anabatizwa Jumapili hiyo. Kwa barabara ni mzunguko mrefu wa kuchosha. Kwa maji ni asubuhi moja tu. Bibi Sesilia, aliyekuwa hajakosa ubatizo wa mjukuu hata mmoja, akasema atakwenda kwa maji, na kwa kuwa mkwe wake ana mtumbwi, hakuna haja ya kutafuta mwingine.

Hapo pakawa na tatizo. Maganga ni Msukuma aliyelelewa na wazee, na mama mkwe kwake ni kama jua: lipo, lina faida, lakini hulitazami usoni. Hali naye chakula, hampi mkono, hapiti alipokaa. Bibi Sesilia naye alikuwa wa mila hizohizo na alizishika kwa ukali zaidi. Kwa miaka yote ya ndoa hiyo walikuwa wameheshimiana kutoka pande mbili za nyumba, na yote waliyoambiana yalipita kwa Klara. Mpangilio huu ulifanya kazi vizuri sana nchi kavu. Wazee walioutunga walikuwa na nyua kubwa. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha mtumbwi wenye mbao tatu za kukalia.

Wakapanga hivi: Bibi Sesilia mbele, ameupa mgongo mtumbwi wote, mwavuli begani. Maganga nyuma kwenye mashine, macho yakitazama maji ya pembeni. Klara katikati, mkalimani. Binti yao Dorah aliachwa kwa jirani. Bibi alipanda na kikapu cha mchele, kuku wawili, na kiroba kikubwa alichokikalia pamoja na jaketi la kuokolea maisha, ambalo alikataa kulivaa juu ya kitenge kipya. Klara alimuuliza kilichomo kirobani, akasema ni kamba ya nailoni aliyoinunua kwa Masudi, zawadi ya mwanawe aliyekuwa analalamika kwamba nyavu zake hazina kamba nzuri. Maganga alisikia. Akajisemea kwamba Masudi amempata mama wa watu.

"Klara," alisema Bibi Sesilia bila kugeuka, walipokuwa wamefika mbali na ufuko, "mwambie mumeo mtumbwi unakunywa maji mbele."

"Baba Dorah, mama anasema mtumbwi unakunywa maji mbele."

"Mwambie mama ni uzito wa nanga."

"Mama, anasema ni uzito wa nanga."

"Mwambie nimesikia," alisema Bibi Sesilia.

Katikati ya ghuba mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Maganga akaisema vibaya kama ilivyozoea, lakini kwa sauti ya chini kwa ajili ya mkwe, na pengine ndiyo sababu haikumsikia. Akavuta kamba ya kuwashia mpaka mkono ukafa ganzi. Wakati huo upepo ukawa umeanza. Haukuwa dhoruba, ni upepo wa kawaida tu wa ziwani, lakini mawimbi yalikuwa yameshaanza kuota meno meupe, na yalikuwa yanawasukuma kuelekea rasi moja ya mawe makubwa meusi, ambayo ndege weupe walikuwa wameketi juu yake wakingoja kuona.

Maganga hakuwa na hofu. Ndivyo alivyomwambia Klara. Alipita katikati kwa kuinama, akamwomba mkewe amwombe mama yake asogee upande, akalikumbatia gurudumu na kulitumbukiza. Lilizama kwa heshima zote. Ile kamba ya bluu ikateleza, ikashuka, ikafika mwisho, ikakaza. Mtumbwi ukasimama. Maganga akageuka akamtazama mkewe kwa namna ambayo Klara aliijua vizuri na hakuipenda.

Wimbi lililofuata likauinua mtumbwi. Kwa kuwa kamba ilikuwa fupi na imesimama wima kama mlingoti, mtumbwi ulipopanda, gurudumu nalo likapanda. Mtumbwi ukashuka, gurudumu likagusa tope, na kwa kuwa lilikuwa duara na laini, halina ukucha wala kona, likafanya kazi ambayo magurudumu yote yameumbiwa. Likabingirika. Wimbi lingine, likapanda tena, likashuka, likabingirika. Walikuwa wanaelekea kwenye mawe kwa kurukaruka, nanga ikiwa imewatangulia kama inawaonyesha njia.

Maganga aliishika kamba kwa mikono miwili. Miguu yake aliikita kwenye mbavu za mtumbwi, akavuta, na kila mtumbwi ulipopanda alivuta zaidi. Kamba ilikuwa inamkata viganja, na pale ilipopita juu ya ukingo wa ubao ilikuwa imeanza kutoa vumbi la bluu na nyuzi. Aliziona nyuzi zile. Zilikuwa zinakatika moja moja, zikijikunja, na alikuwa ameshawahi kuziona nyuzi za namna hiyo, zamani, juu ya kichwa chake, dhidi ya duara dogo la mwanga. Klara alimwita, hakujibu. Klara alisema kitu kuhusu kiroba, hakusikia. Mtu aliyewahubiria vijana miaka yote kwamba kamba ikilegea mtu amekufa alikuwa amening'inia tena, safari hii akiwa amelala chali kwenye mtumbwi, na kama asingezuiwa angeendelea kuivuta kamba ile mpaka wafike wote kwenye mawe.

Ndipo Bibi Sesilia akafunga mwavuli wake. Akageuka. Akamtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Baba Dorah," alisema. "Ilegeze hiyo kamba."

Maganga alishtuka kuliko alivyoshtushwa na mawimbi.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma cha kwao, kama mtoto, "nikiilegeza tunakufa."

"Huko kuikaza ndiko kutakakotuua. Mume wangu alivua ziwa hili mpaka akazeeka, akafa kitandani kwa malaria. Legeza, tuunge na hii."

Alikuwa ameshasimama na kukitoa kiroba alichokuwa amekikalia. Klara akakichana. Nailoni ikatoka, nyeupe, laini, nyingi. Maganga aliitazama, na mikono yake ikakumbuka kitu inachokijua kweli, maana kufunga fundo alijua. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Aliunga ncha na ncha kwa fundo la duarani, lile lisilofunguka hata ukibembeleza, huku Klara ameikalia ile ya bluu isikimbie. Bibi Sesilia akavua khanga aliyokuwa amejifunga juu ya kitenge kipya, akaiviringisha kwenye ukingo wa ubao pale kamba ilipokuwa inasuguliwa. Kisha wakaanza kuiachia.

Kuiachia ndiko kulikomshinda. Kila kamba ilipopita viganjani mwake alitaka kuishika, na kila alipoishika Bibi Sesilia alisema "achia" kwa sauti ileile ya mtu anayemwambia mtoto amalize uji. Akaachia. Akaachia tena. Mtumbwi ukarudi nyuma, ukarudi, mawe yakakaribia kiasi cha kuona vinyesi vya wale ndege, na Maganga akamkumbuka Mungu wa pande zote mbili, wa kanisani na wa babu yake. Kamba ikawa ndefu, ikalala ndani ya maji badala ya kusimama. Wimbi likaja, mtumbwi ukapanda, nailoni ikajinyoosha polepole, ikarudi. Huko chini gurudumu, ambalo sasa lilikuwa linavutwa kwa ubavu na si kuinuliwa, likaburuzika kidogo, likajifukia kwenye tope, likatulia.

Mmoja wa kuku alikuwa amefunguka na ameketi juu ya jaketi la kuokolea maisha.

Mashine ilikuwa na uchafu kwenye bomba la mafuta. Maganga alilichomoa, akalinyonya, akatema petroli ziwani, akarudisha. Ikawaka mara ya pili. Wakaanza kuivuta nanga, na hapo gurudumu, ambalo asubuhi nzima lilikuwa limekataa kukaa chini, likakataa kuinuka. Wakavuta wote watatu, mkwe na mkwe bega kwa bega, jambo ambalo kwa mila lingehitaji mbuzi wa kutakasa. Ile ya bluu ikakatika pale ilipokuwa imesuguliwa. Gurudumu likabaki kwenye tope la ziwa, na huenda lipo mpaka leo, limetulia kama alivyosema mwenyewe.

Kanisani walikuta misa imekwisha na mtoto amebatizwa, amelala. Chakula kilikuwepo. Maganga alikaa upande wa wanaume, viganja vimefungwa matambara, akaulizwa na shemeji yake kulikoni, akasema ni upepo kidogo tu. Bibi Sesilia alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, amewapa mgongo.

"Klara," alisema, "mwambie mumeo aongeze nyama, alifanya kazi leo."

"Baba Dorah, mama anasema uongeze nyama."

Maganga aliongeza. Zawadi ya nyavu ilikabidhiwa ikiwa imelowa na imepungua pale fundo lisilofunguka lilipokatwa, na mwenye kuipokea aliambiwa ilijaribiwa kwanza ili ahakikishiwe ubora. Kurudi Chato waliazima nanga kwake.

Siku iliyofuata Maganga alikwenda kwa Masudi. Alichukua nailoni, ndefu, na Masudi alipotaja urefu hakubishana, ingawa alimtazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba mwenzake amefaidika. Hakuning'inia popote. Kutoka hapo akaenda nyuma ya soko kwa fundi Edson, akaagiza nanga ya nondo yenye makucha manne, akamsimamia wakati anaichomelea, akamwonyesha jinsi ya kuchomelea, na Edson akamvumilia kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya ufundi. Kati ya nanga na kamba wakaweka kipande cha mnyororo, ili uzito wake ulaze kamba chini. Hilo lilikuwa wazo la Klara. Likawa wazo la Maganga kufikia jioni.

Mwaloni habari zilikuwa zimeshafika kabla yake, na watu wote wakakumbuka kwamba walimwonya. Yule wa jiwe alikumbuka. Yule wa kiroba cha mchanga alikumbuka mpaka siku na saa. Maganga alivumilia mwezi mmoja hivi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akawa bingwa wao. Mtu yeyote anayekuja na mtumbwi mpya humkuta Maganga ameshafika, mikono nyuma, akimuuliza ana kamba kiasi gani, na akitajiwa humcheka, kisha humweleza habari ya minazi mitano na saba kana kwamba aliipata kwa babu yake, ambaye hakuwahi kuona mnazi wala ziwa. Inaudhi sana, kwa sababu anayosema ni kweli. Mmoja aliyemsikiliza kwa shingo upande alikamatwa na upepo karibu na rasi ileile, akatia nanga, akakaa salama, na tangu hapo hata salamu za Maganga anaziogopa, maana kila salamu ina somo ndani yake.

Mwaka huo, msimu wa mvua, Maganga na Klara walikuwa wanatoka kisiwani na samaki wakaliona wingu jeusi linakuja kwa mbele. Hawakubishana. Wakasogea nyuma ya kisiwa kidogo, mahali palipokinga upepo kiasi, na Maganga akaiteremsha nanga ya Edson taratibu, akaiachia kamba mkono kwa mkono. Ilipokwisha kulala akaifunga, akaivuta kidogo kuona kama makucha yameshika, akaiacha. Mvua ikawapiga. Mtumbwi ulicheza, ukapanda na kushuka, lakini haukwenda popote. Alichagua mti mmoja ufukoni na kuutazama, kama alivyofundishwa na Bibi Sesilia kupitia kwa Klara, kuona kama unahama. Haukuhama.

Klara alifungua bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Wakajifunika turubai, wakala, maji yakiwatiririka mgongoni, wakibishana kama Dorah apelekwe shule ya bweni au asipelekwe. Klara alitaka apelekwe. Maganga alikataa kabisa, kwa sababu nyingi nzuri, na Klara akamwongezea karanga na kumwacha aseme. Mvua ilipopungua alikuwa amefikia sababu ya mwisho. Akautazama tena ule mti wake, kisha akasema kwamba amefikiri, na kwamba kuna shule moja nzuri ya masista upande wa Geita.

Klara akasema hilo hakuwa amelifikiria.